John Cena Alisalimu Amri, na Alifanya Sawa

Usiku wa tarehe 13 Desemba 2025, katika ukumbi wa Capital One Arena mjini Washington, mwanamieleka wa Marekani John Cena alipanda ulingoni kwa mara ya mwisho akiwa na umri wa miaka 48. Mpinzani wake, Gunther kutoka Austria, alimpiga kabali, Cena akachomoka. Akampiga nyingine, akachomoka tena. Ilipofika kabali ya mwisho, mtu ambaye fulana na kofia zake zilikuwa zimeandikwa kwa miaka mingi kwamba usikate tamaa kamwe, alitabasamu kidogo, kisha akagonga mkono kusalimu amri. Ukumbi ulizomea. Triple H, anayesimamia hadithi na mapambano ya WWE, kampuni ya mieleka ya maonyesho ya Marekani, naye alizomewa alipojitokeza. Huku kwetu, ambako kizazi kizima kilikua kikipunga kiganja mbele ya uso kama Cena, niliona hasira ileile: ametuaibisha, ameharibu jina lake dakika ya mwisho. Mimi nasema hakuharibu kitu. Kugonga kule kulikuwa kitendo cha kweli kuliko vyote alivyowahi kufanya ulingoni, na hasira yetu inaonyesha kwamba tumeielewa vibaya mieleka na, baya zaidi, tumeyaelewa vibaya mafunzo ya michezo yote ya mapigano. Kosa la kwanza halimdhuru mtu. La pili linaumiza vijana wetu.

Tukumbuke kwanza Cena alikuwa nani kwetu. Mieleka ilitufikia kwa kanda za video, baadaye kwa CD zilizouzwa barabarani, kisha kwa televisheni, na vibanda vya video vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi vilijaa watoto waliolipa senti zao kuwatazama Undertaker, Rey Mysterio na Batista. Wengi wao hawakujua jina la bondia hata mmoja wa mkoa wao, lakini walijua kila mtupo wa Wamarekani wale. Cena alijitokeza Juni 2002 kwa kumkabili Kurt Angle, mtu aliyekuwa na medali halisi ya dhahabu ya mieleka ya Olimpiki ya Atlanta 1996. Aprili 2025, mjini Las Vegas, alimshinda Cody Rhodes akafikisha ubingwa wa dunia wa 17 na kuipita rekodi ya Ric Flair ya mara 16. Katikati ya miaka hiyo alijengewa sifa moja kubwa, ya mtu asiyetamka kwamba basi. Yapo mapambano ambayo hushindi mpaka umlazimishe mwenzako aseme kwa kinywa chake kwamba ameshindwa. Cena alipigana ya namna hiyo na JBL mwaka 2005, na Randy Orton 2009, na Batista 2010, na mara zote aliyesema hakuwa yeye. Ndiyo maana mkono wake ulipogonga, wengi waliona kama wameibiwa kitu.

Wapo wanaoona mjadala wote huu hauna maana kwa kuwa mieleka ya aina hii ni maigizo. Hoja hiyo ni ya zamani, na wenye mchezo wenyewe waliikubali hadharani mwaka 1989 walipowaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba wanachofanya ni burudani, ili waondokane na kanuni na kodi za michezo ya ushindani. Lakini kinachopangwa ni matokeo, mwili haupangiki. Mwaka 2007 misuli ya kifua cha Cena ilichanika, mwaka uliofuata alipasuliwa shingo, na 2015 goti la Seth Rollins lilimvunja pua mbele ya kamera naye akaendelea hadi mwisho. Owen Hart alianguka kutoka juu ya ukumbi wa Kansas City mwaka 1999 akafa. Tena, mpango ndio unaoupa mjadala uzito. Katika ngumi mtu anaweza kushindwa kwa bahati mbaya, kwa kuteleza, kwa jicho la mwamuzi. Katika mieleka hakuna kushindwa kwa bahati. Mtu akigonga, kuna watu walikaa wakaamua kwamba agonge, na mgongaji akakubali. Kwa hiyo swali la kwa nini lina jibu, na linastahili kutafutwa.

Jibu la kwanza limo katika desturi ya kazi hiyo. Mwanamieleka anayestaafu huondoka akiwa ameshindwa, na jina alilojenga humwachia anayebaki. Flair mwenyewe alilazwa mgongo chini na Shawn Michaels mwaka 2008 mjini Orlando. Michaels alilazwa na Undertaker mwaka 2010. Angle, yule bingwa wa Olimpiki, aliagwa 2019 kwa kushindwa na Baron Corbin, na mashabiki walikasirika vilevile. Bill Goldberg aliagwa Julai 2025 kwa kabali ya huyuhuyu Gunther. Desturi hii si ya kinyenyekevu tu, ina hesabu ndani yake: anayeondoka na ushindi huondoka na kitu ambacho hatakitumia tena, na mchezo unabaki maskini zaidi. Cena alikuwa amefaidi desturi hiyo kwa mikono ya wakubwa waliomtangulia. Angekataa kuirithisha, angekuwa amekula mbegu.

Hapa ndipo inapokuja hoja nzito ya upande wa pili, na sipendi kuipita haraka. Flair, Michaels na Angle walilazwa mgongo chini mwamuzi akahesabu hadi tatu; hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyegonga katika mechi hizo za kuagwa. Kulikuwa pia na njia ya tatu, na kila mpenzi wa mieleka anaijua. Machi 1997, karibu na Chicago, Bret Hart alimfunga Steve Austin miguu kwa mshiko wake maarufu. Austin alikuwa anavuja damu usoni, akapiga kelele, akajivuta, hakugonga. Alizimia. Mwamuzi akasimamisha pambano, na usiku ule mtu aliyeshindwa akatoka ukumbini akiwa kipenzi cha watu. Biashara yote ya miaka mitatu minne iliyofuata ilisimama juu ya picha ile. Basi, wanauliza wakosoaji, kwa nini Cena asizimie? Gunther angepata ushindi wake, desturi ingetimizwa, na neno la kwenye fulana lingebaki safi.

Kama lengo lingekuwa kumtunza Cena peke yake, nakubali, kuzimia kungetosha. Lakini Austin alikuwa na umri wa miaka 32 na safari yake ilikuwa mbele. Picha ya mtu anayezimia kuliko kukubali ilikuwa inafungua hadithi. Cena alikuwa anaifunga. Mtu wa miaka 48 anayezimia anatuambia kwamba angeendelea milele laiti mwili usingemsaliti, na huo si ukweli wa mtu aliyetangaza mwenyewe kustaafu Julai 2024, akaupanga mwaka mzima wa kuagana, na kutaja mwezi atakaoondoka. Aliyekwisha kuamua kuondoka hawezi kuagwa kama mtu aliyezimwa. Kuhesabiwa tatu nako kuna mwanya, kwa sababu anayehesabiwa anaweza kudai alichelewa nukta moja tu. Kugonga hakuna mwanya. Ni uamuzi, na unafanywa na mtu mwenye akili zake timamu. Alichomoka mara kadhaa ili tuone kwamba nguvu anazo na nia anayo, halafu akaamua. Mimi lile tabasamu naliona kuwa kiini cha pambano zima.

Jibu la pili liko nyuma zaidi, na mashabiki wengi hawalijui kwa sababu WWE haijawahi kuona faida ya kulifundisha. Kabali iliyomtoa Cena haikubuniwa na waandishi wa televisheni. Mieleka hii ya kulipwa ni mtoto wa mtindo wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, ambako wachimba makaa ya mawe walikamatana kwa namna yoyote mpaka mmoja alazwe au akubali kwamba yamemfika. Mjini Wigan, Billy Riley aliendesha klabu iliyojulikana kama Shimo la Nyoka, chumba kisicho na anasa yoyote, na humo akapita Karl Gotch, aliyezaliwa Antwerp, akaupeleka mtindo huo hadi Japani. Wajapani wakampa hadhi ya mungu wa mieleka. Wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, ndio walioanzisha Pancrase, mashindano yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Septemba 1993, wiki chache kabla ya UFC ya kwanza, mashindano ya mapigano ya mitindo mchanganyiko, ya mwezi Novemba mjini Denver. Ken Shamrock alipigana kote kuwili, na miaka minne baadaye alikuwa WWF, jina la zamani la WWE. Kwa hiyo watu walioshangaa Septemba 2023 UFC na WWE zilipowekwa chini ya kampuni moja, TKO, wakidhani mchezo wa kweli umeolewa na wa uongo, walikuwa wanashuhudia ndugu wawili wakirudi nyumba moja. Na urithi mkubwa ambao ndugu hao wanachangia ni ule mkono unaogonga.

Japani hiyohiyo inatuonyesha gharama ya kukataa kugonga. Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Masahiko Kimura, mwanajudo wa Kijapani aliyepigana pia mieleka ya kulipwa, alimkunja mkono Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jujitsu ya Kibrazili. Hélio hakugonga. Mkono ukaumia vibaya, na kona yake, yaani wasaidizi wake wa pembeni, ndiyo iliyolazimika kutupa taulo kusimamisha pambano. Mshiko ule mpaka leo unaitwa Kimura katika klabu za jujitsu duniani kote, heshima ambayo walioshindwa walimpa aliyewashinda. Karibu nusu karne baadaye akaja Kazushi Sakuraba, mwanamieleka kabisa wa ulingo wa maonyesho, akaikamata familia ya Gracie mmoja baada ya mwingine. Royler, Novemba 1999, hakugonga, mwamuzi aliingilia. Royce, Mei 2000 katika Tokyo Dome, alipigana dakika 90 na hakugonga; taulo ilitupwa. Agosti mwaka huohuo Renzo alikunjwa mkono kwa mshiko uleule wa Kimura, akautazama ukitoka mahali pake, hakugonga. Mimi nawaheshimu watu hao. Waliijua bei, walikuwa watu wazima, na waliilipa wenyewe kwa sababu ya jina la ukoo wao. Lakini tuangalie vizuri kilichotokea: kila mara ilibidi mtu mwingine, kona au mwamuzi, afanye uamuzi ambao mpiganaji alikataa kuufanya. Ushujaa wa namna hiyo hauwezi kuwepo bila mtu wa pembeni mwenye hekima. Ukiiga ushujaa na usiwe na mtu wa pembeni, unabaki na mkono uliovunjika tu.

Wanaojifunza michezo hii wanalijua jambo hili mapema sana. Judo ilipojengwa Zanzibar na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyehamia visiwani na kuwafundisha vijana wa huko, ilifuata utaratibu uleule wa Kodokan, shule ya judo iliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882: kabla ya kujifunza kumwangusha mtu unajifunza kuanguka, na kabla ya kujifunza kukaba unajifunza kugonga. Nilipoanza judo nikiwa kijana, mwalimu wangu alikuwa mkali kwa aliyechelewa kugonga kuliko kwa aliyegonga haraka, na sababu aliyotoa ilikuwa ya mtu wa kazi: aliyevunjika kiwiko leo hatakuja kesho, na asipokuja kesho hatajua kamwe kosa lake lilikuwa wapi. Kabali iliyokaa sawasawa shingoni inakata damu ya kwenda kichwani, na fahamu zinaweza kupotea ndani ya takriban sekunde kumi. Hakuna moyo wa simba unaobadilisha hilo. Anayegonga anamwambia mwenzake kwamba mbinu yake imefanikiwa, anafunguliwa, wanashikana mikono, wanaanza upya, na katika saa moja ya mazoezi mtu anaweza kushindwa mara nyingi na kutoka akiwa amejua zaidi. Mfumo mzima wa kujifunza umewekwa juu ya uaminifu huo: kwamba nikigonga utaniachia, na kwamba nikigonga hutanicheka. Ukiondoa mojawapo, watu wanaacha kujifunza na wanaanza kujilinda, au wanaanza kuumizana.

Sasa hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo niliyoisikia zaidi: mwanaume hasalimu amri. Hoja hii inaifanya michezo ya mapigano kuwa mtihani wa nani anavumilia kuharibiwa. Waliofika mwisho wa uvumilivu huo hawaungi mkono. Oktoba 1975, nje kidogo ya Manila, Joe Frazier alimaliza raundi ya 14 dhidi ya Muhammad Ali akiwa haoni vizuri kwa macho yote mawili. Alitaka kuendelea. Eddie Futch, kocha wake, alikataa, akamkalisha chini na kumwambia imekwisha. Hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kusema Frazier alikuwa mwoga. Roberto Durán, kinyume chake, alijitoa mwenyewe mbele ya Sugar Ray Leonard mjini New Orleans Novemba 1980, akageuziwa mgongo hata na watu wa Panama waliomwabudu. Alirudi. Mwaka 1983 alikuwa bingwa wa dunia, na mwaka 1989 akawa bingwa tena katika uzito wa juu zaidi. Kama kujitoa mara moja kungekuwa ndiko kunakomaliza moyo wa mpiganaji, Durán asingeonekana tena. Wahenga walishasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na sisi tunaimba methali hiyo kwenye mpira wa miguu, tukifika ulingoni tunaisahau.

Na tunaisahau kwa watu wetu wenyewe. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alimshinda bondia Mwingereza Sam Eggington mjini Birmingham katika raundi ya pili, na Tanzania nzima ikamkumbatia. Septemba 2022 alikwenda Liverpool kupigana na Liam Smith. Raundi ya nne alipiga goti, akionekana kuumia mguu, na mwamuzi akasimamisha pambano. Alieleza baadaye kuhusu mzigo wake uliopotea safarini na viatu vilivyombana. Mtu anaweza kuuliza maswali ya haki kuhusu maandalizi yale. Bondia wa kiwango hicho hapaswi kuingia ulingoni na viatu asivyovizoea, na wanaomsimamia wanapaswa kuulizwa zaidi yake. Lakini matusi mengi hayakuhusu maandalizi. Yalihusu goti. Alitukanwa kwa kuwa hakusubiri kupigwa na kudondoka, kana kwamba taifa lingepata heshima zaidi kama angebebwa kwa machela. Kijana wa miaka 17 anayefanya mazoezi Manzese alisoma yale matusi. Akaelewa ujumbe.

Naelewa wasiwasi wa wazazi kuhusu watoto. Cena ametimiza matakwa ya zaidi ya watoto 650 wagonjwa kupitia taasisi ya Make-A-Wish, idadi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeifikia, na wengi wa watoto hao walishikilia neno lake la kutokata tamaa kwenye vitanda vya hospitali. Je, si ukatili kuwaonyesha kwamba hata yeye amechoka? Nimelifikiria swali hili kuliko mengine yote. Naona mtoto mgonjwa anajua zaidi yetu kwamba kuna siku mwili haushindi. Kinachomuumiza ni kufundishwa kwamba siku hiyo ni aibu yake, kwamba laiti angekuwa na moyo zaidi. Mtu aliyepigana miaka 23, akajinasua kila alipoweza, na aliposhindwa akatabasamu, anampa mtoto huyo kitu ambacho shujaa asiyeshindwa hawezi kumpa. Inawezekana baadhi ya watoto walilia usiku ule. Kulia si lazima kuwe kudanganywa.

Yote haya yangebaki mazungumzo ya mashabiki kama ngumi ingekuwa na mkono wa kugonga. Haina. Bondia aliyezidiwa hana ishara yenye heshima ya kusema imetosha. Ana goti, ambalo tumeona linavyolipwa, na ana kona yake. Ndiyo maana ngumi, kuliko judo, kuliko jujitsu, kuliko hata mieleka ya Cena, inahitaji kwamba utayari wa kusimamisha pambano ufundishwe waziwazi. Baada ya Mkorea Kim Duk-koo kufa kwa majeraha ya pambano la raundi 14 mwaka 1982, mapambano ya ubingwa yalipunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Dunia ilibadilisha kanuni kwa sababu ilikubali kwamba moyo wa bondia si kipimo cha usalama wake. Kwetu, katika mapambano ya utangulizi yanayopigwa saa tatu usiku kabla kamera hazijawashwa, bado natazama makocha wanaoshika taulo kwa ajili ya kufutia jasho tu. Kijana amepigwa raundi tatu bila kujibu, kona inampigia kelele ainue mikono, ukumbi unampigia kelele afe kiume, na mwamuzi anasubiri adondoke ili asilaumiwe.

Kuna mambo ambayo klabu inaweza kuyafanya bila kusubiri fedha za serikali wala mdhamini. Kocha na bondia wakubaliane kabla ya pambano, kwa maneno, ni hali gani taulo itatupwa, na bondia aape kutomlaumu. Katika mazoezi ya kupigana wenyewe kwa wenyewe, aliyesema imetosha aachwe papo hapo, na atakayempiga ngumi moja ya ziada atolewe ulingoni siku hiyo, hata akiwa nyota wa klabu. Watangazaji wetu, ambao wana sauti kubwa kuliko makocha, waache kuita kujitoa uoga kabla daktari hajaongea. Na kamisheni zinazotoa leseni Tanzania na Kenya ziwapime watu wa kona kwa swali hili hili: ulitupa taulo lini mara ya mwisho, na kwa nini? Kocha mwenye miaka 20 kazini ambaye hajawahi kuitupa hata mara moja asipewe leseni mpaka aeleze ilikuwaje.